Nyumba Isiyo na Mchwa

Asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza, Mama Kigong'ota alikuta mabawa kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni. Yalikuwa mengi na mepesi, na kila alipopitisha ufagio yaliruka kidogo kisha yakatua palepale. Aliyazoa kwa kipande cha kadibodi, akayatia kwenye beseni la kufulia, akayafunika kwa nguo chafu ili mumewe asiyaone. Dirisha lilikuwa limefungwa usiku kucha. Kumbikumbi waliopukutisha mabawa yale hawakuwa wameingia kutoka nje. Walikuwa wanatoka ndani kwenda nje, wakakuta kioo.

Alijua maana yake. Mwanamke hawezi kuishi na seremala zaidi ya nusu ya umri wake asijue jambo kama hilo. Lakini katika nyumba ile neno mchwa halikutamkwa. Ikibidi sana watu walisema "wale", tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayemzungumzia mgonjwa aliyelala chumba cha pili.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Mumewe, ambaye wote walimwita Fundi, na mkewe pia akamwita Fundi, alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Tangu alipoanza kutambaa, binti huyo hakuweza kupita penye mti bila kuugonga kwa kidole kilichokunjwa na kuutegea sikio, ndipo wakampa jina la yule ndege agongaye miti, Kigong'ota. Jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Alipokua akawa anashinda karakanani na baba yake. Fundi alikuwa hanunui mbao kabla binti hajazigonga, na aliwaambia wateja kwa majivuno, "Mimi nina mikono, huyu ana sikio. Sasa nani atatushinda?"

Hadi siku alipokuja mteja kuchukua mbao za milango ya nyumba yake mpya. Mzigo ule Fundi aliununua peke yake, kwa haraka, na hakumwomba mtu augonge. Kigong'ota alipita akaugonga kwa mazoea tu.

"Baba, huu umeingiliwa na mchwa," alisema. "Na huu. Na ule wa chini."

Mteja naye akakunja kidole, akagonga, akasikia. Akakuna kichwa, akasema atarudi. Kabla jua halijafika utosini, soko zima lilikuwa limeshasikia kwamba Fundi anauza maganda.

Fundi hakupiga kelele wala hakumfukuza mtu. Kesho yake asubuhi Kigong'ota alimwamkia, "Shikamoo baba," na Fundi akaendelea kunoa patasi yake. Mchana akaamkia tena. Jioni akaamkia tena, amesimama mlangoni, na mama yake yuko jikoni ameshika mwiko, anasikiliza, anangoja neno moja tu litoke kwenye kinywa cha mumewe. Halikutoka. Mtoto ambaye shikamoo yake haiitikiwi hana pa kukaa, hata viti viwe kumi. Kigong'ota alitia nguo zake kwenye mfuko, akagonga fremu ya mlango mara moja, akatoka. Mama yake alibaki na mwiko mkononi mpaka chakula kikaungua.

Baada ya hapo Fundi alifunga chumba cha binti na ufunguo akautia mfukoni. Zile mbao alizokataliwa alizibeba moja moja, akazipanga nje, zimeegemea ukuta chini ya dirisha la chumba kile, zikielekea barabarani. "Zitakaa hapo," alisema, "mpaka watu waone wenyewe kama ni nzima au si nzima." Zikakaa. Mvua zikanyesha, zikakaa. Kwa nje zilizidi kupendeza, maana wale huanzia ndani, na ngozi ya juu huiacha ilivyo, pamoja na rangi yake.

Ikawa pia kwamba watu hawakujua wamwiteje mama mtu. Kumwita Mama Kigong'ota mbele ya Fundi ilikuwa ni kuwasha moto. Jirani yake, Mama Cherehani, ambaye mashine yake ilisikika mtaani toka asubuhi, alimwita "mama nanihii". Mumewe alimwita "wewe". Naye mama mtu alilitamani jina lake kama mtu anavyotamani nguo yake mwenyewe iliyoazimwa isirudi. Hapa ataendelea kuitwa Mama Kigong'ota, Fundi apende asipende.

Siku hiyo ya mabawa, mumewe alipokwishakwenda karakanani, alichukua ufunguo wa kabati la vyombo akaenda kuufungulia mlango wa chumba cha mwanawe. Ufunguo wa kabati ulifungua vitasa vyote vya nyumba ile. Vitasa vya bei rahisi ndivyo vilivyo.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mvua iliyopita zamani. Kitanda kilikuwa mahali pake, na shuka imekunjwa miguuni kama Kigong'ota alivyoiacha. Mama yake alipoishika, ikamwachia wekundu vidoleni. Ilikuwa shuka ya udongo. Mikunjo yote ilikuwepo, na kile kiraka alichokishona mwenyewe kilikuwepo, uzi kwa uzi. Kitanda nacho kilikuwa cha udongo, pamoja na ule mguu mmoja uliokuwa mfupi ukawekewa kigae. Nyuma ya mlango lilining'inia gauni la udongo, limekosa kifungo cha pili kutoka juu. Wale walikuwa wamekula kila kitu, na kila walichokila walikijenga upya palepale, kwa uaminifu ambao mafundi wengi wa binadamu hawana.

Kutoka dirishani, mahali mbao za nje zilipogusa ukuta, vinjia vya udongo vilishuka hadi sakafuni, vyembamba kama kamba ya viatu. Vilikutana kando ya kitanda. Na hapo, juu ya sakafu, palikuwa na nyayo mbili zilizoanza kujengwa. Zilikuwa zimefika kwenye vifundo. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto palikuwa na alama ya lile kovu la tezo ya kuchongea mbao, alilolipata Kigong'ota akiwa bado hajaota meno ya mbele.

Mama Kigong'ota alichuchumaa. "Mwanangu," alisema, akagusa kidole kile. Udongo ulikuwa bado na unyevu.

Si kwamba hakujua la kufanya. Kigong'ota alikuwa akiwasomea mezani kama mtoto anayekariri jedwali: mbao zisiegemee ukuta, bomba linalovuja likazwe, madirisha yafunguliwe nyumba ipumue, makaratasi na maboksi yasirundikwe sakafuni, na ukiona kinjia cha udongo ukutani, kivunje, urudi kesho uone kama kimejengwa tena. Mama yake aliyakumbuka yote, na akaanza kuyatenda yote kinyume. Dirisha akaliziba kwa tambara. Bomba la uani, lililokuwa likivuja, akamwambia Fundi asihangaike nalo. Akaingiza maboksi matupu kutoka dukani, akayapanga chini ya kitanda cha udongo. Kila asubuhi alimwaga kikombe cha maji kuzizunguka zile nyayo, polepole, kama anayenyweshea mche. Alimkumbuka mwanawe kiasi cha kuumwa viungo, na sasa kulikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono.

Wajenzi hawakuwa na haraka. Miundi ilikula stuli na rafu ya vitabu. Magoti na mapaja yalimaliza kabati la nguo. Kwa ajili ya kiuno na mgongo walihamia nje ya chumba, wakala fremu za milango ya ukumbini kutoka ndani, wakaacha rangi imesimama. Mikono ilichukua meza ya chakula, isipokuwa pale Fundi alipokuwa akiweka kiwiko, ambapo walipaacha, pengine kwa heshima. Uso ndio uliochelewa. Mama Kigong'ota aliungoja juma kwa juma, anaingia, anakuta shingo, anatoka. Jumapili moja alisikia mchakacho mdogo juu ya dari, kwenye ile boriti kubwa inayobeba paa. Baada ya hapo kidevu kikaanza.

Walipomaliza, alikuwa ni yeye. Alikuwa yeye wa siku ile ya mwisho, macho yakitazama mbele, midomo imefumba.

Hakuna aliyemwona akitembea. Mama Kigong'ota alikuwa anafunga mlango wa chumba wakati wa adhuhuri, na jioni anamkuta binti amekaa jikoni kwenye kigoda, magoti pamoja. Nyuma yake, kutoka kwenye kisigino hadi ukutani, palikuwa na kinjia kimoja chembamba cha udongo ambacho hakikukatika kamwe. Alijifunza kutokikanyaga. Alimenya na kupika huku akimsimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, na binti alisikiliza kwa utulivu ambao Kigong'ota hakuwahi kuwa nao.

Siku Fundi alipomkuta, alikuwa amekaa sebuleni.

Fundi alikuwa ametoka kazini, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, nyundo imening'inia kwenye kitanzi cha suruali. Mkewe alimwona anaingia, akaitazama ile nyundo, kwa sababu pigo moja lingetosha. Fundi alivua viatu. Akamtazama binti kuanzia kichwani mpaka kwenye lile kovu.

"Amerudi lini?" aliuliza.

"Siku kidogo."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

Fundi alivuta kiti akakaa mkabala naye. Ndani palikuwa kimya hata wakasikika wale ukutani, wakigongagonga kwa vichwa vyao. Kisha akasafisha koo, akatamka lile neno ambalo mkewe alikuwa amelingoja tangu siku chakula kilipoungua.

"Marahaba," alisema Fundi.

Mama Kigong'ota aliingia jikoni akalia, uso ameuzika kwenye kitambaa cha vyombo. Alilia kwa furaha, na kwa kitu kingine ambacho hakukipa jina.

Toka hapo Fundi alibadilika kama mtu aliyetolewa mwiba. Alimtengenezea binti kiti cha kukalia, chenye mgongo na egemeo la mikono, akakipiga msasa mpaka kikateleza. Alimsimulia kazi za siku. Alimletea vipande vya mbao nyumbani, anaviweka kwenye mapaja yake ya udongo na kuuliza, "Na huu je?" Binti alinyamaza. "Mzima, eh? Nami ndivyo nilivyosema." Jioni nyingine alicheka peke yake, cheko ambalo mkewe alidhani limeshakufa.

"Unaona adabu?" alimwambia mkewe. "Kukaa nje kumemfunza. Mama Kigong'ota, niletee chai, na mwanao umletee."

Alimwita jina lake. Mkewe alisimama na birika, masikio yakimwasha kwa raha, akasubiri aitwe tena. Akaitwa tena. Ingefaa hadithi iishie hapo, na kwa siku chache yeye mwenyewe alidhani imeishia hapo.

Lakini chai ya binti ilipoa kila siku, na mama yake akaimwaga. Yule wa udongo hakugonga kitu. Aliwekewa vibao mapajani na vidole vyake havikukunjika hata mara moja. Kigong'ota wake alikuwa akiingia jikoni bila hodi, anagonga kabati, anagonga meza, anagonga mwiko mkononi mwa mama yake, "Huu mzima, mama, endelea kupika," kisha anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Jinsi huyu alivyozidi kukaa pale na ule uso, ndivyo mama yake alivyozidi kumtamani yule. Ilikuwa kama kulala njaa huku unanusa chakula cha jirani.

Mama Cherehani alikuja kurudisha ungo. Aliegemea fremu ya mlango apate kupiga soga vizuri, na mkono wake ukazama ndani ya fremu mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, umejaa vumbi laini.

"Mwenzangu, nipe maji ninawe," alisema. Alinawa, akajifuta, akachungulia sebuleni. "Aa, Kigong'ota, hujambo? Amenenepa kidogo, au ni macho yangu?" Akageuka, akashusha sauti. "Lakini mama nanihii, unajua waswahili walisema, usipoziba ufa..."

Aliona kivuli cha Fundi kinakatiza uani, akameza sehemu iliyobaki. Fundi alipopita akaendelea.

"Mimi mambo ya watu siyaingilii. Ila yule mwingine nilimwona kwa dada yangu, mwembamba huyo, buti miguuni, bomba la dawa mgongoni. Anapiga dawa ya hawa wadudu majumbani siku hizi, watu wanampanga foleni. Aliniuliza, 'Mama hajambo?' Nikamwambia hajambo. Akaniuliza, 'Baba je?' Nikamwambia baba ndiye yuleyule."

Mama Kigong'ota alishika ukuta. Alichagua sehemu ya matofali.

"Mwambie aje," alisema. "Mwambie ni kazi."

Alikuja mchana, Fundi akiwa karakanani. Alitua bomba mlangoni, akavua buti na kofia. Alikuwa amekonda kweli, mikono ina harufu ya dawa, kucha zimekatwa fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Marahaba. Marahaba." Alimshika mashavu, akamshika mabega, akamshika tena mashavu. "Unakula wewe?"

"Nakula mama. Niache nione nyumba kwanza, mwanga huu mzuri."

Alitembea chumba hadi chumba, kidole kimekunjwa. Aligonga milango, fremu, madirisha, akasikiliza, na kila mahali nyumba ilimjibu kwa sauti ya debe tupu. Alichomeka bisibisi kwenye mguu wa meza, ikaingia mpaka mpini. Alipanda juu ya ngazi akasukuma dari, akagonga boriti, akashuka. Mwisho akafika sebuleni, akasimama mbele ya yule mwenziwe.

"Wamenipatia," alisema baada ya kumzunguka. "Isipokuwa sikio. Langu la kulia limekaa juu kidogo."

"Umeshawahi kuona hivi?"

"Kwenye nyumba zenye chumba kilichofungwa, mara nyingi tu. Kuna mahali nimemkuta babu wa watu stoo, kakamilika na fimbo yake. Kwingine ni mbuzi." Akainama, akagusa kile kinjia kilichotoka kwenye kisigino, akanusa kidole. "Nani anamwagia maji?"

Kigong'ota alimtazama mama yake, kisha akakumbuka lile dirisha lenye tambara, na bomba la uani lililokuwa likivuja, akaelewa yote. Hakumlaumu. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, kama zamani.

"Mama, paa limekaa juu ya ganda. Boriti ile ndani hakuna kitu. Mvua kubwa ikija na upepo, mtalala chini yake nyote wawili." Alisema kwa upole, kama daktari mzuri. "Zile mbao za nje ziondoke leo. Madirisha yafunguliwe. Nichimbe mfereji kuzunguka msingi, nimwage dawa, nipige na ndani ya kuta. Boriti tuweke nyingine, nitaichagua mwenyewe. Wale wataondoka."

"Na huyu?"

"Huyu atakuwa udongo, mama. Tutamzoa."

Mama Kigong'ota aliutazama uso wa udongo na uso wa chini yake, wenye jasho. "Na wewe, ukishamaliza kazi? Utalala wapi?"

"Nina chumba cha kupanga. Milango ya chuma."

"Sikuuliza hivyo."

Kigong'ota alichezea mkanda wa kofia yake. "Baba akiniitikia," alisema, "nalala hapa leo."

Palepale mama yake aliona jinsi itakavyokuwa: dirisha wazi, nyumba inapumua, mtu anagonga mwiko mkononi mwake. Aliiona karibu hivyo, kama sahani iliyo mezani.

"Nianze sasa hivi, au tumsubiri?" aliuliza Kigong'ota, akiwa ameshashika bomba. "Nikianza sasa, akirudi atakuta nimemaliza."

Mama Kigong'ota alikuwa amemsubiri Fundi maisha yake yote. Alimsubiri ndipo apakue, alimsubiri ndipo alale, alimsubiri ndipo aseme anachofikiri, na akifika akawa hasemi.

"Tumsubiri," alisema. "Nyumba ni yake."

Walimsubiri. Mama akainjika chai, ilipochemka akammiminia Fundi kikombe, akakiweka karibu na kiti chake. Fundi alipofika uani, Kigong'ota alisimama mlangoni, mahali aliposimama siku ile, mikono kaiweka nyuma.

"Shikamoo baba."

Fundi aliinama akavua kiatu cha kwanza. Akavua cha pili. Akaviangalia vile viatu vyake kando ya zile buti, akavisogeza pembeni kidogo visigusane. Akampita, akaenda kukaa mkabala na kile kiti alichokipiga msasa.

"Marahaba, mwanangu," alimwambia yule wa udongo. "Umeshindaje leo?"

Mama Kigong'ota alitoka jikoni. Mwiko ulikuwa mkononi, akauona, akauweka chini.

"Fundi," alisema, "aliyekuamkia yuko mlangoni." Akaugeukia ukuta. "Na nyumba hii ina mchwa."

Kugongagonga kwa ukutani kukakoma. Tonge la udongo likadondoka kutoka darini, likaingia kwenye kikombe cha Fundi. Fundi alilitoa kwa kidole, akafuta kidole kwenye suruali, akanywa.

"Nyumba hii haina mchwa," alisema. "Na binti yangu ni huyu hapa. Mtu mwingine asinijazie viatu mlangoni."

Ukutani wakaendelea na kazi.

Kigong'ota alivaa buti zake bila haraka, akabeba bomba. Mama yake alimfuata mpaka kwenye lango, kanga imemdondoka begani, wala hakuiokota. Alitaka kusema "nisamehe", alitaka kusema "anza sasa hivi, usimjali", na yote mawili yalikuwa yamechelewa. Alisema tu, "Utakula nini leo?"

"Nitakula, mama." Kigong'ota alikunja kidole, akagonga nguzo ya lango. Ilitoa sauti nzito, ya kushiba. Akaigonga tena, akatabasamu kidogo. "Hii nzima. Hii niliichagua mwenyewe nilipokuwa mdogo, baba alininyanyua niigonge juu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mvua ikiwa kubwa, usikae ndani. Njoo ukae hapa."

Kwa hiyo ndivyo anavyofanya. Mvua ikianza kunguruma, Mama Kigong'ota hujitanda nailoni kichwani, akaenda kukaa penye nguzo ya lango, na wapita njia humsalimu bila kuuliza. Zile mbao bado zimeegemea ukuta, na kuna watu husimama kusifia rangi yake. Paa halijaanguka. Ganda laweza kusimama muda mrefu lisipoguswa. Fundi hukaa chini yake na binti yake, taa imewashwa, akimsimulia kazi za siku, na husema mkewe amekuwa mtu wa kupenda baridi.

Jioni za mvua, akitoka kazini, Kigong'ota hupita na bomba lake mgongoni. Husimama barabarani, ng'ambo ya lango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Kisha hupaza sauti, kuishinda mvua, kuelekea kwenye dirisha lenye taa. "Shikamoo baba!"

Na kutoka ndani, bila kukawia, kwa sauti ya mtu aliyejaa upendo, Fundi huitikia, "Marahaba, mwanangu."

Mara ya kwanza mama yake aliruka, akamshika mkono. "Umesikia? Ameitikia!"

"Nimesikia," alisema Kigong'ota, akaweka mkanda wa bomba vizuri begani. "Mwenzangu ana bahati."

Akaenda zake. Mama yake alimsindikiza kwa macho mpaka sauti ya buti ikamezwa na mvua. Kisha akaingia ndani, akachota kikombe cha maji, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamwagia ile miguu polepole, kwa sababu kisigino kilikuwa kimeanza kupasuka.